Tunahesabu Ndege, Hatuhesabu Wazee

Usiku wa Novemba usio na mwezi, ukungu ukiteremka juu ya vilima vya Ngulia huko Tsavo Magharibi, ndege huanza kunyesha. Hoteli iliyoko ukingoni mwa genge pale ilifunguliwa mwaka 1969, ikawekewa taa kubwa ili wageni wawaone tembo wakija kunywa maji usiku. Ndege hakuna aliyewaalika. Walikuja wenyewe kwa maelfu, wadogo, wamechoka, wamechanganywa na ukungu na mwanga. Tangu mwaka huo wataalamu na watu wa kujitolea hukutana hapo kila mwisho wa mwaka, wakatandaza nyavu nyembamba, wakawatoa ndege mmojammoja, wakawapima, wakawavisha pete ndogo ya chuma mguuni na kuwaachia kunapopambazuka. Waliovishwa pete Ngulia hadi leo ni mamia ya maelfu.

Miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi yumo mmoja asiye na urembo wowote: kijindege cha kahawia ambacho kwao Ulaya huishi kwenye matete na magugu marefu ya kando ya mito. Ana gramu 12 hivi, kama vijiko vitatu vya sukari ya chai. Nitamwita mwimbaji wa matete, na sababu itakuja. Kama ni kinda wa mwaka huu, alianguliwa Juni huko Poland au Urusi, na sasa yuko mkononi mwa mtu Tsavo, safarini kuelekea Zambia au Msumbiji. Huko aendako hajawahi kufika. Amesafiri usiku, na hakuongozana na baba wala mama. Nani alimwambia apite hapa?

Tumezoea kujibu kwa neno moja: silika. Neno hilo tunalitumia kama kifuniko cha chungu; tukishalifunika, hakuna anayechungulia tena ndani. Mimi nataka tuchungulie, kwa sababu humo ndani mna mambo mawili tofauti kabisa tuliyoyapika pamoja. Wapo ndege wanaozaliwa na safari mwilini, na wapo wanaopelekwa na wakubwa wao hadi waijue njia. Sheria zetu za kuwalinda, na hata namna tunavyowahesabu, zinawachukulia wote kana kwamba ni wa aina ya kwanza.

Jibu lililo wazi kuliko yote ninayoyafahamu lilitolewa Uholanzi na kwezi. Si hawa kwezi wetu wa kung'aa wanaokuibia mkate mezani kwenye kambi za Serengeti. Ni kwezi wa Ulaya, mweusi mwenye madoa, anayepita Uholanzi kila Oktoba akitoka nchi za Baltiki kwenda kukaa miezi ya baridi kaskazini mwa Ufaransa na kusini mwa Uingereza. Mtafiti Albert Perdeck na wenzake waliwakamata zaidi ya 11,000 karibu na The Hague, wakawavisha pete, wakawapandisha ndege ile ya chuma, wakaenda kuwaachia Uswisi, mamia ya kilomita kusini-mashariki mwa walipokamatiwa. Kisha wakakaa kusubiri barua. Kazi ya pete ndiyo hiyo: unamfunga ndege namba, unamwomba Mungu atakayemwokota awe mtu wa kuandika.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1958. Pete mia tatu na kitu zilirudisha habari. Ndege wazee, yaani waliokwisha kuifanya safari hiyo walau mara moja, walitambua kwamba wamehamishwa. Waligeuza kuelekea kaskazini-magharibi, upande ambao hawakuwa na desturi ya kuuruka msimu huo, wakafika kulekule walikozoea. Makinda hawakutambua lolote. Waliendelea kusini-magharibi, kama ambavyo wangefanya kutoka Uholanzi, kwa umbali uleule, wakatua kusini mwa Ufaransa na Uhispania.

Ukilisoma jaribio hilo harakaharaka utasema makinda ni wajinga. Lakini kinda alikuwa na vitu viwili ambavyo hakufundishwa na mtu: upande wa kuelekea na muda wa kuruka. Ni kama maelekezo ya yule rafiki anayekualika kwake bila kukutajia mtaa: wewe nyoosha tu, ukichoka ujue umefika. Mzee alikuwa na kitu cha tatu, nacho ni mahali. Alijua alipo, alijua anapokwenda, na kutokana na hayo mawili akapata upande mpya. Kitu hicho hakizaliwi nacho mtu. Kinapatikana kwa kwenda na kurudi.

Na kuna kipande cha mwisho cha hadithi hiyo ambacho kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote. Makinda waliofika Uhispania kwa makosa, wale waliosalimika, walirudi hukohuko miaka iliyofuata. Kosa la safari ya kwanza likageuka ada ya maisha.

Mwaka 2007 Kasper Thorup na wenzake walitoa jibu kama hilo Marekani kwa ndege wengine kabisa, shomoro wenye utosi wa michirizi myeupe. Walichukua 30, nusu wazee na nusu makinda, wakawasafirisha kutoka jimbo la Washington upande wa Pasifiki hadi Princeton upande wa Atlantiki, kilomita 3,700. Wazee wakageukia magharibi kurudi kwao. Makinda wakanyoosha kusini, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa huo upande na huo muda, vinakaa wapi? Ndege wa kuhama akifugwa tunduni hupatwa na kiherehere majira yakifika. Usiku halali, anarukaruka na kupiga mbawa akiuelekea upande mmoja wa tundu. Wajerumani waliwalea ndege wadogo wa bustanini tangu wakiwa makinda, hawakuwahi kuonja safari. Agosti na Septemba walirukia kusini-magharibi, upande wa mlangobahari wa Gibraltar, kati ya Uhispania na Moroko. Kuanzia Oktoba wakageuka wenyewe, wakawa wanarukia kusini kidogo mashariki, upande ambao wenzao wa porini wakati huo hushika kuingia Afrika. Kona ya safari imo ndani ya mwili, kama saa iliyotegwa.

Andreas Helbig akaenda mbali zaidi. Kuna ndege mmoja mwenye kofia nyeusi ambaye akizaliwa magharibi mwa Ulaya huelekea kusini-magharibi, na akizaliwa mashariki huelekea kusini-mashariki. Helbig aliwaozesha hawa na wale. Watoto wao, katika matokeo aliyoyatoa mwaka 1991, walielekea katikati: kusini moja kwa moja, yaani kwenye kuta za milima ya Alps na nyuma yake bahari. Ndoa njema, urithi mbaya.

Kekeo wa Ulaya anatosha kuwa shahidi wa mwisho. Analelewa na ndege wa jamii nyingine, mama yake mzazi hajui sura yake, na kufikia wakati kinda anaota mbawa wazazi wake wa damu wamekwisha kuondoka. Bado atatoka Uingereza peke yake na kwenda kukaa kwenye misitu ya Kongo. Vivyo hivyo yule jamaa wa sululu, mwenye mdomo mrefu, aliyefungwa kifaa cha setilaiti akiwa na umri wa miezi mitano, akaondoka Alaska Oktoba 2022 na kutua Tasmania baada ya siku 11 hewani, kilomita 13,560, bila kula, bila kunywa, bila kutua popote. Ukiniambia hiyo ni silika, sitabishana nawe.

Lakini hata hapa pana shule. Stephen Emlen wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwalea ndege fulani wa buluu wa Marekani bila kuwaonyesha anga, kisha akawaingiza kwenye ukumbi wenye anga la kuigiza. Baadhi yao aliwawekea anga inayozunguka nyota ya Betelgeuse badala ya Nyota ya Kaskazini. Walipofikia kuhama, walikimbia mbali na Betelgeuse kana kwamba ndiyo kaskazini. Hawakurithi ramani ya nyota, basi. Walirithi agizo: tafuta kisichozunguka, kipe kisogo. Kinda anayekulia kiotani anatumia usiku wake wa kwanza kusoma mzunguko wa anga, na asiyeuona anga wakati huo nyota hazimfai kitu baadaye. Mwana wa baharini wa Lamu alifundishwa nyota kwa majina na nahodha wake. Huyu kafundishwa na kimya cha usiku.

Sumaku nayo ina mafumbo yake. Tangu miaka ya 1960 Wolfgang Wiltschko alionyesha huko Frankfurt kwamba ndege huhisi sumaku ya dunia, na mwaka 1972 yeye na Roswitha Wiltschko wakaonyesha kwamba hawasomi kaskazini na kusini kama dira ya jahazi. Wanasoma pembe: mistari ya sumaku inavyoinama kuelekea ardhini. Kwa hiyo wanachojua ni "kuelekea ncha" au "kuelekea ikweta". Hilo linazua tatizo ambalo liko kwetu, si kwao. Ikweta ya sumaku inapita juu ya Ethiopia. Mwimbaji wa matete akifika hapo mistari imelala chali, dira haisemi kitu, na akishavuka, agizo lilelile la "elekea ikweta" lingemrudisha alikotoka. Majaribio ya kizimbani yameonyesha ndege wa namna yake, wakipitishwa kwenye sumaku iliyolala hivyo, hugeuza agizo wenyewe na kuanza kuelekea ncha. Hapo mtu anabaki kushika kidevu.

Nimeahidi kueleza jina la mwimbaji. Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza madume wa ndege huyu huko Ubelgiji, akachapisha alichokisikia mwaka 1979. Wimbo wao wote ni wa kuazima. Dume mmoja huiga kwa wastani sauti za ndege wa aina 76, na zaidi ya nusu ya aina hizo ni za Afrika. Baba zao huacha kuimba mapema mno, makinda hawapati nafasi ya kujifunza kwao. Wanajifunza mwaka wa kwanza tu, njiani na huku kwetu, kutoka kwa kila jirani anayelia kichakani. Kisha wanarudi Ubelgiji na kumbembeleza mke kwa lugha ya vichaka vya Kenya na Zambia. Ndege mmoja, gramu 12: njia kairithi, wimbo kajifunza. Mtu akikuuliza kama ndege hujifunza au huzaliwa wanajua, mwambie swali lake limekosa jina la ndege na jina la jambo.

Tuje kwa korongo. Kiswahili kinawaita korongo ndege wa koo mbili zisizohusiana: huyu mweupe mwenye mdomo mwekundu anayetembea mashambani kwetu kuanzia Novemba akila panzi na viwavijeshi, na wale wa ukoo wa korongo taji wa bendera ya Uganda. Kwa mada ya leo lugha yetu imefanya hekima bila kukusudia, maana wote wawili ni wanafunzi wa wazee.

Korongo mweupe ni mzito, hawezi kupiga mbawa siku nzima. Anapanda juu ya hewa moto inayotoka ardhini, anajizungusha hadi juu, kisha anateleza hadi pa kupandia pengine. Baharini hewa hiyo hakuna, kwa hiyo waliozaliwa magharibi mwa Ulaya huizunguka Mediterania kwa Gibraltar na waliozaliwa mashariki huizunguka kwa Bosporasi huko Uturuki, Sinai na bonde la Nile. Hawa wa mashariki ndio wageni wetu. Katika miaka ya 1930 Ernst Schüz alichukua makinda Prussia Mashariki, wakati huo pembe ya mashariki ya Ujerumani, akawapeleka magharibi mwa Ujerumani, akawazuia hadi korongo wenyeji walipokwisha kuondoka, ndipo akawaachia. Walielekea kusini-mashariki, njia ya mababu zao, ingawa kutoka pale haikuwa njia ya maana. Hilo tumeshalisikia kwa kwezi. Lakini makinda wengine kama hao, walioachiwa wakati wenyeji wangali pale, walijiunga nao na kushika njia ya kusini-magharibi. Damu ilisema huku, wenzao wakasema kule, wakafuata wenzao.

Siku hizi korongo anabeba kifaa mgongoni kinachoandika kila mzunguko. Andrea Flack na wenzake wa taasisi ya Max Planck walifuatilia kundi moja la makinda 27 kutoka kusini mwa Ujerumani. Waliotambua haraka hewa moto ilipo walitangulia, wakapiga mbawa kidogo, wakafika Afrika Magharibi. Waliofuata nyuma walichoka zaidi na wengi wao waliishia Uhispania. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliojumuisha zaidi ya korongo 250, ulionyesha kitu ambacho mkulima yeyote angekiamini bila grafu: kinda huzungukazunguka, anachungulia hapa, anapoteza siku kule, na kadiri miaka inavyoongezeka njia yake inanyooka, anapata mikato na anawahi kufika. Njia fupi ya korongo ni mali aliyoichuma, na akifa inakwenda naye, isipokuwa kama alikuwa na wafuasi.

Buabua mkubwa wa Baltiki, yule mwenye mdomo mwekundu, hana haya hata kidogo: baba anampeleka mtoto mwenyewe. Patrik Byholm na wenzake waliwafuatilia hadi Afrika Magharibi, wakatoa matokeo mwaka 2022. Kinda alisafiri ubavuni mwa mzee, mara nyingi baba, na makinda waliopotezana na wazee wao njiani walikufa. Walipokuja kurudi kaskazini wenyewe baada ya miaka kadhaa, walipita njia walizofundishwa.

Korongo mkubwa mweupe wa Marekani Kaskazini, wa ukoo wa korongo taji, alibakia ishirini na kidogo tu mwaka 1941. Binadamu walipoamua kumwanzishia kundi jipya, walikuwa na makinda lakini hawakuwa na mzee hata mmoja wa kuwaonyesha njia. Basi kuanzia mwaka 2001 marubani waliovaa kanzu nyeupe za kuficha utu wao waliruka na vijindege vyepesi vya injini kutoka Wisconsin hadi Florida, makinda nyuma yao mstari mmoja. Ilichekesha, na ilifanya kazi. Thomas Mueller alipopekua kumbukumbu za safari zao za baadaye, mwaka 2013, alikuta kwamba kilicholinyoosha kundi ni umri wa mkubwa wake. Kila mwaka mmoja wa ziada wa umri wa mzee ulipunguza kupotoka kwa kundi kwa asilimia 5 hivi. Mzee mmoja tu alitosha kundi zima. Lakini marubani walifundisha safari, hawakuweza kufundisha ulezi. Korongo wale walifanikiwa kulea makinda wachache mno, na baada ya miaka 15 hivi mradi wa ndege nyepesi ukafungwa.

Nimefika ninapopataka: jangwa la Palmyra, Syria. Kwarara mwenye upara, mweusi wa kung'aa, mwenye ndevu za manyoya shingoni, alidhaniwa ametoweka Mashariki ya Kati. Mji wa Birecik, Uturuki, ulikuwa ukimpokea kwa sherehe kila mwaka. Wenyeji waliamini kwamba ndiye anayewaongoza mahujaji kwenda Makka. Sumu za mashambani za miaka ya 1950 zilimmaliza, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wa porini walikuwa hawarudi tena. Ndipo mwaka 2002 wakagunduliwa Palmyra, jozi chache tu zinazotaga. Mwaka 2006 wazee watatu wakafungwa vifaa vya setilaiti, na ikajulikana wanakokwenda: wanashuka Arabuni hadi Yemen, wanavuka Bahari ya Shamu, wanakaa nyanda za juu za Ethiopia. Huko walikuwa salama, wakitembea miguuni mwa ng'ombe wa watu bila kusumbuliwa.

Na makinda? Hawakufika Ethiopia. Wazee walikuwa wachache mno, vijana wakaishia kutangatanga Arabuni, ambako bunduki na nyaya za umeme hazikuwangojea wakue. Kila mwaka wazee wale wale walirudi Palmyra, kila mwaka wamepungua. Ukiwatazama kwenye daftari ungesema tatizo ni idadi. Mimi nasema idadi ilikuwa dalili. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwamba njia ya Ethiopia ilikuwa imebaki vichwani mwa ndege wanaohesabika kwa vidole, na vita ilipoingia Syria hata hao wakaisha. Birecik leo wako kwarara wengi, wanataga, wananenepa. Kila mwaka kabla ya majira ya kuhama wanafungiwa mabandani hadi msimu upite, kwa sababu wakiachiwa waende hawarudi.

Tumbusi wa Misri naye yuko njiani kwenda hukohuko. Wa Balkani wamepungua sana, na vifaa vya setilaiti vimeonyesha makinda wao wakijaribu kuivuka Mediterania moja kwa moja, wakazama. Makinda wa mashariki zaidi, ambako tumbusi bado ni wengi na wazee wapo wa kufuatwa, huizunguka bahari na kufika Ethiopia na Chad. Mayai ya Balkani hayana kasoro. Kilichopungua pale ni watangulizi.

Hapa ndipo nina ugomvi na takwimu zetu. Januari Kenya, Tanzania na Uganda hushiriki hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini. Watu huamka alfajiri, wanasimama kwenye tope la Manyara na Nakuru na darubini, wanahesabu vichwa. Ni kazi ya kujitoa na ninaivulia kofia. Lakini daftari linasema "korongo 300", na 300 wenye wazee 60 si sawa na 300 wenye wazee watatu. Kundi la kwanza ni taifa. La pili ni wanafunzi waliofiwa na walimu wote, na hesabu haitaona tofauti hadi miaka mitatu minne baadaye, wakati hakuna la kufanya. Wenye elimu ya pete, wale wa Ngulia, humwangalia kila ndege mkononi na kuandika umri. Hesabu za wazi hazifanyi hivyo, ingawa mdomo wa korongo kinda, mweusi nchani na wekundu uliofifia, unaonekana kwa darubini ya kawaida ukiwa naye karibu.

Najua nitajibiwa kwamba ndege wengi, hasa hawa wadogo wa usiku, hawahitaji walimu, na kwamba kelele za wazee ni za ndege wakubwa wachache. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu yenyewe: dawa zitofautiane. Mwimbaji wa matete akiuawa kwa wingi Misri, waliosalia wataangua makinda wenye upande uleule. Mlinde makazi na uzime taa, damu itafanya mengine. Makadirio yanasema ndege kati ya milioni 11 na milioni 36 huuawa kinyume cha sheria kila mwaka kuizunguka Mediterania. Kati ya hao, korongo au tumbusi mzee mmoja anaweza kuwa hasara kubwa kuliko maelfu ya wengine, jambo ambalo halionekani kokote ndani ya jumla hiyo.

Nitajibiwa pia kwamba njia ya kufundishwa ni nyepesi kubadilika, na hali ya hewa ikigeuka wanafunzi hugeuka haraka kuliko damu. Hilo nalikubali kabisa. Kwarara waliorejeshwa Austria na Ujerumani walifundishwa kwenda Toscana, Italia, wakifuata vijindege vyepesi. Majira ya joto yalipoanza kurefuka, wakawa wanachelewa kuondoka na kukwama kwenye Alps. Mwaka 2023 walezi wao waliwafundisha njia nyingine hadi Andalusia, Uhispania. Njia iligeuzwa kwa msimu mmoja. Lakini ilihitaji walimu kuwepo, na safari hii walimu walikuwa binadamu wenye injini na petroli. Hakuna serikali yetu itakayofanya hivyo kwa korongo laki kadhaa.

Mwaka 2014 huko Quito, nchi wanachama wa Mkataba wa Bonn wa wanyama wanaohama zilipitisha azimio linalotaka utamaduni wa nyangumi na pomboo, yaani wanachofundishana, uzingatiwe katika kuwalinda. Nchi zetu tatu ni wanachama. Umeme unaosambazwa vijijini unaweza kuwekewa nguzo ambazo korongo hapigwi na umeme juu yake, na ukaguzi wa mazingira wa laini mpya unaweza kuuliza swali moja la ziada: wazee hupumzika wapi? Hiyo si gharama ya kutisha. Sumu ya kuulia fisi na simba inayomwagwa kwenye mzoga ni mbaya zaidi, kwa sababu inaua hata wazoefu.

Ukipita mashamba ya ngano ya nyanda za juu kaskazini mwa Tanzania mwezi Juni, kusi ikivuma na baridi imeshika, wakati mwingine utakuta korongo weupe watano sita wamesimama kwenye mabua. Wenzao waliondoka tangu Machi. Wenyeji husema hao ni wagonjwa, wameachwa. Wengi si wagonjwa. Korongo hazai hadi afikie miaka mitatu au minne, na kinda wa mwaka jana hana haraka ya kurudi. Wengine hukaa Afrika msimu mzima. Novemba wazee wakishuka tena kutoka Sinai na Sudan, watawakuta hapo.